Ndimu Haimpiki Samaki

Ninawasalimu akina mama wote wa hapa Machakos, mlio mjini na mlio mashinani, na nyanya zetu wanaobaki nyumbani wakilea wajukuu. Leo tuzungumze kuhusu samaki, ndimu na nazi.

Kisa ni swali ambalo nimeulizwa kliniki zaidi ya mara moja. Mama anasema ameona kwenye simu samaki mbichi akikatwa vipande vidogo, akamiminiwa maji ya ndimu, akaachwa kidogo mpaka nyama ikawa nyeupe kama iliyochemshwa, kisha akatiwa tui la nazi, kitunguu na nyanya, akaliwa. Hakuna jiko wala sufuria. Mama anauliza: "Sista, si ndimu imeshampika? Na makaa yalivyo ghali, je, naweza kuwapa watoto?"

Ni swali la busara, na chakula hicho kipo kweli. Kinaliwa katika visiwa vya bahari ya Pasifiki. Watu wa Tonga hukiita ota ika, na wale wa Samoa hukiita oka. Wenyewe wamekila tangu zamani na hawakikosei. Lakini angalia wanavyokila: samaki ni wa baharini, mara nyingi jodari, aliyevuliwa karibu na nyumbani na kuliwa akiwa bado mbichi kabisa. Samaki wetu wa Machakos anatoka wapi? Wa Mombasa amesafiri zaidi ya kilomita 400. Wa Kisumu amepitia Nairobi, ameshushwa na kupakiwa, na barafu huenda iliyeyuka njiani. Wengine ni ngege wa bwawa la Masinga au wa vidimbwi vya wafugaji, na samaki wa maji baridi hafai kuliwa mbichi hata akiwa ametolewa majini sasa hivi.

Sasa, ndimu hufanya nini? Asidi yake hubadilisha protini ya nyama ya samaki, ndiyo maana nyama hukaza na kuwa nyeupe. Moto pia hufanya hivyo, na hapo ndipo jicho hudanganyika. Moto hubadilisha nyama na pia huua minyoo na vijidudu. Ndimu hubadilisha rangi, hupunguza vijidudu vingine, vingine huviacha hai. Minyoo midogo inayojificha ndani ya nyama ya samaki inaweza kuvumilia ndimu na hata siki.

Nitawapa mfano. Kaskazini mashariki mwa Thailand kuna chakula cha samaki wa mtoni, mbichi, aliyekatwakatwa na kutiwa ndimu na pilipili. Hukiita koi pla. Samaki hao hubeba mnyoo mdogo anayeingia kwenye mirija ya nyongo ndani ya ini na kukaa humo miaka mingi. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilimtangaza mnyoo huyo kuwa ni kisababishi cha saratani kwa binadamu. Mnyoo huyo ni wa kule Asia, msitishike bure. Ninachotaka mwone ni kwamba ndimu na pilipili za miaka yote hiyo hazikumuua.

Wengine huniambia, "Basi nitamgandisha kwenye friji." Kugandisha huua minyoo ikiwa baridi ni kali sana kwa siku kadhaa, na friji nyingi za nyumbani hazifiki huko, tena na stima zetu hizi zinazopotea. Bakteria nao hawafi kwa kugandishwa, wanalala tu. Mwaka 1991, katika jimbo la Maryland huko Marekani, watu walipata kipindupindu kutokana na tui la nazi lililogandishwa, lililotoka Thailand. Kwa hiyo hata tui lenyewe, likikamuliwa kwa maji yasiyochemshwa au likiachwa mezani mchana kutwa, linaweza kuleta balaa. Kipindupindu si hadithi ya mbali. Mlipuko ulioanza nchini mwetu Oktoba 2022 ulifika kaunti nyingi, Machakos ikiwemo.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mama ni hapana. Mtoto mdogo, mama mjamzito, mzee na mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua wasipewe kabisa samaki mbichi. Kwa mjamzito kuna bakteria aitwaye listeria, ambaye huenda asimsumbue sana mama lakini akamdhuru mtoto tumboni.

Je, tuache samaki, ndimu na nazi? La. Tupike. Ladha ile ile utaipata, na makaa hayatakwisha, kwa maana samaki haivi kwa muda mrefu kama maharagwe.

Anza sokoni. Chagua samaki mwenye macho maangavu, nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole, na ukiinua shavu ndani pawe pekundu. Akinuka vibaya, mwache. Usinunue ukitegemea ndimu, maana ndimu huondoa shombo, haiondoi uozo. Jodari, vibua na jamii zao wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu ambayo hata moto hauiondoi. Mtu akila, baada ya muda mfupi uso unawaka joto, ngozi inawasha, kichwa kinauma, moyo unadunda. Akishindwa kupumua vizuri au akivimba midomo, mkimbize hospitali.

Nyumbani, mpake samaki chumvi na ndimu, mfunike kwa robo saa. Maji yale ya ndimu yaliyobaki kwenye bakuli yamwage, usiyatie kwenye mchuzi wala kachumbari. Osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni kabla ya kukata kitunguu.

Kuna nazi, ikune na uikamue kwa maji yaliyochemshwa yakapoa kidogo. Tui la kwanza, lile zito, liweke kando. Kamua mara ya pili upate tui jepesi. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na nyanya, mimina tui jepesi, likichemka tia samaki na ufunike. Vipande vya kawaida huiva kwa dakika 10 hadi 15.

Hapa nataka msikilize vizuri. Tumezoea kusema samaki ameiva akiwa mweupe. Huyu wako alishakuwa mweupe kwa ndimu kabla hajaona moto! Rangi haitakusaidia. Chukua uma, ingiza pale penye unene karibu na mfupa. Nyama ikiachana na mfupa kwa urahisi, ikatoka vipande vipande na mvuke ukatoka ndani, ameiva. Iking'ang'ania mfupa, funika tena.

Mwisho tia tui zito, koroga polepole lisikatike, liache lichemke kidogo. Ukishaepua, kamulia ndimu nyingine mpya na unyunyize dania. Ule ukali mtamu wa ndimu unaosifiwa kwenye simu ndio huo.

Mtoto aliyefikisha miezi 6 anaweza kula. Mtolee kabla hujatia pilipili. Ponda nyama kwa vidole vilivyonawa, vidole si kijiko, kwa sababu mifupa ya ngege ni myembamba na kijiko hakiihisi. Changanya na viazi au ugali laini, na uendelee kunyonyesha. Akitokwa na vipele au kuvimba uso baada ya kula, usimpe tena mpaka aonwe na mhudumu wa afya. Kilichobaki kisilale mezani. Kama huna friji, pika cha kutosha siku hiyo tu.

Na kama kuna mtoto ambaye tayari amekula samaki asiyeiva na sasa anaharisha, mpe ORS kidogo kidogo kila mara, usimkatize kunyonya, na umlete kituoni apewe zinki, ambayo atameza kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Macho yakizama, akilegea, akishindwa kunywa, kinyesi kikiwa na damu au kikiwa kama maji ya mchele, usingoje asubuhi.

Swali lako mpe mhudumu wa afya wa kijiji chako atuletee. Kwaherini.