TUJIPIME MIILI YETU WENYEWE

(Maneno ya hotuba kwa wanachama wa Meru na Embu)



Leo hatutasema habari za mshahara. Twataka kusema juu ya chombo ambacho kila mmoja wetu huenda nacho kazini, na ambacho kikiharibika hakuna tajiri awezaye kutupa kingine. Chombo hicho ni mwili.

Mchumaji wa majani chai aijua sana mizani. Kutoka Kionyo mpaka Mungania hulipwa kwa kilo, na mizani ikimpunja hata nusu kilo hanyamazi. Lakini mwulizeni mtu huyo huyo yeye mwenyewe ana kilo ngapi, na presha yake ni ngapi. Wengi wetu hatujui. Serikali ya Kenya ilipopima afya ya watu wazima nchi nzima mwaka 2015, ilionekana kwamba zaidi ya nusu yao hawajapata kupimwa presha hata mara moja, na hali karibu mtu mmoja katika kila wanne alikuwa nayo juu. Katika wanawake, karibu 4 katika kila 10 walikuwa wamezidi uzito. Katika wanaume hawakufika 2 katika 10.

Kwa nini hatupendi kupimwa? Sababu ya kwanza ni ya zamani. Mwaka 1917, baba zetu walipochukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa vita, daktari aliwatazama ili serikali ijue nani atafaa kubeba mzigo. Kipimo kilikuwa cha faida ya mwenye mzigo. Hata leo mtu huogopa kwamba akipimwa, tajiri atapata sababu ya kumfukuza.

Sababu ya pili ni jinsi tunavyotazamana. Mtu akitoka kitambi twasema mambo yake yamekuwa mazuri. Mama akinenepa twamsifu kwamba bwana wake anamtunza. Akikonda, watu huanza kunong'ona. Minong'ono hiyo ilizidi tangu UKIMWI ulipoingia, maana katika nchi ya jirani, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo "slim", yaani wembamba. Ndiyo maana mtu aliyeambiwa na daktari apunguze uzito aona afadhali abaki na kilo zake kuliko kusemwa sokoni. Na vijana wetu wa kike siku hizi wana taabu ya namna nyingine: hutazama picha katika simu, wakashinda njaa ili wafanane nazo. Ndugu, macho ya jirani si daktari.

Basi na tupime sawasawa. Kuna hesabu moja inayotumiwa hospitalini: chukua kilo zako, uzigawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 64 hupata 25. Kuanzia 25 mtu huhesabiwa amezidi uzito, na kuanzia 30 amezidi sana. Chini ya 18.5 amepungua. Lakini tusiifanye hesabu hiyo kuwa hakimu. Mbelgiji Quetelet aliyeianza miaka ya 1830 alitaka kujua mtu wa wastani yukoje katika taifa; hakuwa akimtibu mgonjwa. Haiwezi kutenga misuli ya mpakuzi wa mizigo na mafuta ya karani.

Kwa hiyo tazameni kiuno pia. Katabasamu mkipenda, lakini jaribuni leo jioni. Kata kamba yenye urefu wako, kisha ikunje mara mbili sawasawa. Izungushe tumboni, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Ikiwa ncha zake hazikutani, mafuta yamezidi ndani ya tumbo, na hayo ndiyo yaletayo kisukari na maradhi ya moyo. Kipimo hiki hakina gharama, wala hakuna mtu mwingine anayehitaji kujua.

Wembamba nao usitudanganye. Miraa ya Igembe na Tigania, na muguka wa Mbeere, ni mkate wa nyumba nyingi, nasi hatuwatukani wanaoilima wala wanaoichuma. Lakini anayetafuna mchana kutwa hupoteza njaa na usingizi, na moyo wake hupiga mbio, na presha hupanda. Aweza kuwa mwembamba kama fito na moyo wake una taabu. Presha haionekani kwa macho. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kila ipimwapo, nenda kwa daktari.

Kwamba chakula cha kila siku huandikwa mwilini, jambo hilo lilionekana hapa hapa Embu. Mwaka 1998 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa California walianza kazi katika shule 12 za Kyeni Kusini. Watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyozidishwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu. Waliokula wote waliongeza uzito kuliko wasiopewa. Lakini wale wa nyama walizidi kwa misuli ya mkono, walicheza kwa nguvu zaidi, na akili zao zilifanya vizuri zaidi katika majaribio. Watoto hao walipimwa mikono ili ijulikane walichopungukiwa. Hakuna aliyepimwa ili achekwe. Hivyo ndivyo kipimo kinavyopasa kuwa.

Sasa tutazame siku yetu. Wengi hutoka alfajiri kwa chai ya sukari nyingi na mkate, saa saba wanywa soda, na usiku ndipo wala chakula cha siku nzima. Soda ya nusu lita ina sukari ya vijiko 10 au zaidi. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika chakula. Githeri, viazi vitamu, nduma, uji wa wimbi na mboga za shambani si chakula cha umaskini. Na anayekaa kitini au kwenye usukani kutwa atembee nusu saa, siku tano kwa juma.

Lakini hatutaki mtu aambiwe ni mzembe, na hali kazi yenyewe haimpi nafasi. Dereva asiyepumzika atakula nini ila chipsi za barabarani? Kwa hiyo twataka matawi yetu yadai haya:

1. Maji safi ya kunywa mahali pa kazi, na siku moja ya mapumziko katika kila saba. Yote mawili yamo katika Sheria ya Kazi ya mwaka 2007.

2. Saa ya chakula iwe saa ya chakula kweli.

3. Presha, uzito na kiuno vipimwe kazini angalau mara moja kwa mwaka, kwa hiari ya mtu.

4. Majibu apewe aliyepimwa, si tajiri. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yaiweka afya katika mambo yanayolindwa zaidi.

Ndugu, tumezoea kusimama karibu na mizani ili tusipunjwe majani yetu. Na tusimame vivyo hivyo kwa miili yetu.

Umoja ni nguvu.