Swali la Bibi Kuhusu Kiduha

Maneno yaliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu, wakati wa kuzindua changizo la mashamba darasa ya shule



Kamati imeniomba nieleze kwa nini mwaka huu tunachangia mashamba darasa, baada ya miaka mingi ya kuchangia madawati na mabati. Mimi si bwana shamba. Kazi yangu ni uhasibu. Nilichokuja nacho ni daftari hili, ambalo tulilikuta mwaka jana tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu mama.

Ni daftari langu la mwaka 1988, nikiwa darasa la sita kwenye shule moja ya msingi ya Musoma Vijijini. Wakati huo Butiama nayo ilikuwa bado ndani ya Musoma Vijijini. Mwalimu wetu wa kilimo alitugawa katika vikundi. Kila kikundi kilitakiwa kutafuta habari za mtaalamu Mwafrika aliyewasaidia wakulima, kuandika kurasa mbili, na kutengeneza kitu cha kuonyesha siku ya wazazi.

Sisi tulimpata mtu wetu kwa bahati. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi melini, na safari moja alirudi kutoka Kisumu na sukari iliyofungwa kwenye gazeti kuukuu. Ndani ya gazeti mlikuwa na habari za Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya, mtaalamu wa wadudu, ambaye mwaka 1987 alipewa tuzo ya Afrika ya uongozi katika kupambana na njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Tulishangaa. Rais tulielewa, lakini mtu wa wadudu?

Basi tukachukua boksi la viatu, tukapanga ndani yake panzi, mende, nondo na mbung'o, kila mmoja amechomwa kwa mwiba. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kikundi. Sentensi yangu ya mwisho hii hapa: "Profesa Odhiambo amegundua dawa ya kuua wadudu wote." Pembeni yake mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu neno moja tu: "Umejuaje?"

Siku ya wazazi watu walilicheka boksi letu, hasa yule mende. Bibi yangu hakucheka. Aliangalia kwa muda, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyo profesa wenu anasemaje juu ya kiduha?"

Nikamjibu kwa kujiamini, "Bibi, kiduha si mdudu."

Akasema, "Najua si mdudu. Lakini ndicho kinachokula mtama wangu."

Wengi wenu mnakijua kiduha, ambacho ndugu zetu Wajaluo hukiita kayongo. Maua yake ya zambarau yanapendeza kwa mgeni, lakini mwenye shamba akiyaona moyo unakufa. Mbegu yake huamka ikipata dalili ya mzizi wa mtama au mahindi karibu. Kinajishikiza kwenye mzizi huo na kuunyonya kabla hakijachomoza juu, kwa hiyo ukiyaona maua, hasara imeshaingia. Mche mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Bibi aliking'oa mwaka hadi mwaka. Mwishowe aliliacha shamba la mtama, akabaki na muhogo. Alifariki bila kupata jibu la swali lake.

Nilipolikuta daftari niliona aibu kidogo, nikaamua kuifanya upya kazi ile ya shule. Nimesoma na kuuliza kwa mwaka mzima. Nitawapa kwa ufupi nilichokipata.

Thomas Odhiambo alizaliwa mwaka 1931. Alisoma Maseno, kisha Makerere, na baadaye Cambridge huko Uingereza, alikopata shahada ya uzamivu katika elimu ya wadudu. Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba Afrika inahitaji vituo vyake yenyewe vya utafiti wa hali ya juu. Mwaka huohuo wa 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia. Watu wawili wa kanda hii ya ziwa, mwaka mmoja, kila mmoja kwa njia yake, walitaka tuache kungoja maarifa yaletwe na wengine.

Mwaka 1970 Odhiambo alianzisha Nairobi taasisi ya icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, akaiongoza hadi mwaka 1994. Makao yake makuu yanaitwa Duduville. Na kile nilichoandika kuhusu dawa ya kuua wadudu wote kilikuwa kinyume kabisa cha kazi yake. Yeye alitaka kwanza mdudu ajulikane: anakula nini, anataga wapi, anavutwa na nini. Ukishamjua, unaweza kumdhibiti bila kumfilisi mkulima kwa sumu za kununua. Kule Nguruman, kusini mwa Kenya, icipe ilitengeneza mtego wa mbung'o wa kitambaa, na wafugaji wakafundishwa kujitengenezea wenyewe.

Sasa nirudi kwa bibi. Icipe ina kituo Mbita, kwenye ziwa hilihili letu. Ukitoka Musoma ukafuata mwambao kuelekea kaskazini, unapita Shirati, unaingia Kenya, unafika Mbita. Leo kituo hicho kinaitwa kwa jina la Odhiambo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa icipe wakiongozwa na Zeyaur Khan, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wakitafuta namna ya kumzuia funza wa mabua. Kati ya mistari ya mahindi walipanda jamii ya kunde iitwayo desmodiamu, ambayo harufu yake humfukuza nondo anayetaga mayai. Kuzunguka shamba walipanda mabingobingo, ambayo humvuta nondo huyo akatage huko, na wengi wa funza wanaozaliwa humo hufa. Ndiyo maana kilimo hiki kinaitwa vuta-sukuma.

Halafu wakaona jambo ambalo hawakulitafuta. Palipokuwa na desmodiamu, kiduha kilipungua sana. Walipochunguza walikuta mizizi yake inatoa kemikali za aina mbili: nyingine huiamsha mbegu ya kiduha, nyingine huizuia isijishikize kwenye mzizi wa zao. Kiduha kinaamka, kinakosa pa kunyonya, kinakufa. Juu ya hayo desmodiamu huongeza naitrojeni kwenye udongo, na ng'ombe huila.

Ndugu zangu, bibi hakukosea kuuliza. Aliyekosea ni mimi niliyemwambia kiduha si mdudu, kana kwamba mambo yameishia hapo. Jibu lake lilitoka kwa watu wa wadudu.

Nilikwenda Tarime kuliona kwa mama mmoja anayelima hivyo. Hakunificha ugumu wake. Msimu wa kwanza desmodiamu huota polepole na inataka palizi la uangalifu. Mbegu yake ni ghali. Kiangazi, mbuzi wa jirani wakiachiwa, hawabakizi kitu. Lakini alinionyesha sehemu aliyopanda na sehemu ambayo hakupanda. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Si hilo tu. Yupo Mwethiopia Gebisa Ejeta, aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi yake ya mtama unaostahimili ukame na kiduha. Aina mbili za mtama zilizotokana na kazi hiyo, Hakika na Wahi, ziliidhinishwa hapa Tanzania mwaka 2002. Niulizeni ni lini nilizisikia. Ni mwaka jana, na mimi ni mtoto wa wakulima wa mtama.

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Maarifa yalikuwepo, tena karibu, lakini hayakufika kwenye shamba la bibi, na hata leo kuna mashamba Bunda na Butiama ambayo hayajafikiwa. Mkulima mwenye ekari mbili hawezi kufanya majaribio kwa chakula cha watoto wake. Anahitaji kuona kwanza, kwenye udongo wake, kwa mvua yake, kwa mtu anayemjua. Mahali pazuri pa kuonea ni shuleni, kwa sababu kila nyumba ina mtoto pale.

Kwa hiyo tunaomba mchango kwa ajili ya shule tatu za kuanzia: moja Musoma Vijijini, moja Bunda, moja Butiama. Kila shule itapata uzio wa kuzuia mbuzi, mbegu, tangi la maji ya mvua, mizani, na madaftari ya kumbukumbu. Shamba litagawanywa: upande mmoja walime kama walivyozoea, upande wa pili vuta-sukuma, wa tatu mtama wa Hakika na Wahi. Watoto watahesabu miche ya kiduha kila wiki na kupima mavuno. Butiama sasa tuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, na nia yetu ni kuwaomba wataalamu wake wawe walezi wa mashamba hayo. Tusiahidiane miujiza ya msimu mmoja. Tunachangia misimu mitatu, na kila mwaka hesabu zitaletwa hapa mzione, zikiwa nzuri au mbaya.

Mhasibu nikiwaomba fedha mnaweza kuogopa. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenye kikubwa atoe, mwenye kidogo atoe, na aliye nyumbani asiye na fedha atoe siku moja ya kuchimba mashimo ya uzio. Wawakilishi wa kila kata wako mlangoni na vitabu vya risiti.

Nataka siku ya wazazi ijayo bibi wa mtu asimame mbele ya shamba la shule aulize habari za kiduha. Mtoto wa darasa la sita amjibu, na mwalimu akimuuliza, "Umejuaje?", afungue daftari lake aonyeshe alichohesabu mwenyewe.