Chombo Kilicho Kimya Kisihesabiwe Salama

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na walimu wa Pemba)



Zamani siri za Serikali zilikaa kabatini, na ufunguo ulikuwa kwa karani mkuu. Siku hizi siri hizo hutembea. Orodha za wanafunzi, majina ya wagonjwa na hesabu za mishahara zimo katika kompyuta za mkononi, vishikwambi na simu, ambavyo hutoka Wete kwenda Micheweni, hupanda mashua hadi Kojani na Kisiwa Panza, na usiku hulala nyumbani kwa mtumishi. Sensa ya tarehe 23 Agosti, 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kwa vishikwambi. Baadaye vyombo hivyo vilikabidhiwa walimu, na Zanzibar ikapata fungu lake. Hapana shaka hiyo ni hatua ya maendeleo. Lakini kila chombo kinachotolewa ni mlango mmoja zaidi wa ofisi ya umma, na mlango sharti uwe na bawabu.

Bawabu wa leo ni ubao wa taarifa, ambao mafundi huuita dashibodi. Ndani ya kila chombo huwekwa programu ndogo ambayo, chombo kinapopata mtandao, hupeleka majibu makao makuu: je, kimetiwa viraka vya karibuni vya kuziba kasoro? Kinga ya virusi inafanya kazi? Taarifa zilizomo zimefumbwa, hata mwizi asiweze kuzisoma? Kinafunguliwa kwa nywila? Majibu hayo huonyeshwa kwa rangi: kijani kwa chombo kilichotimiza masharti, nyekundu kwa kilichopungukiwa.

Faida ya usimamizi huo ilidhihirika kwa uchungu huko Uingereza. Tarehe 14 Machi, 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba kasoro moja kubwa. Hospitali za umma za nchi ile zilipelekewa ilani mwezi huo wa Machi, na tena mwezi wa Aprili. Tarehe 12 Mei virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia kwa kasoro ile ile, vikafunga kompyuta na kudai fidia. Katika England, taasisi za hospitali zisizopungua 80 kati ya 236 ziliathirika, na ilikadiriwa kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilivunjika. Mkaguzi Mkuu wa nchi ile alipochunguza, aliona kwamba kabla ya siku hiyo Wizara ya Afya haikuwa na utaratibu rasmi wa kujua nani ametekeleza maagizo na nani hakutekeleza. Dawa ilikuwapo, na barua zilikwisha kuandikwa. Kilichokosekana ni jicho la kufuatilia.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba ubao nao waweza kudanganya, tena bila ya mtu yeyote kusema uongo. Tuseme idara moja ina vyombo 40. Katika hivyo, 30 vimepeleka taarifa, na 27 ni salama. Ubao ukihesabu vilivyojibu peke yake, utatangaza kwamba asilimia 90 wametimiza masharti, na mkuu atafurahi. Lakini 27 katika 40 ni asilimia 67 na nusu tu. Vile 10 viko wapi? Pengine kimoja kimo mtoni, chaji imekwisha. Kingine kipo skuli ya kisiwani ambako mtandao ni wa kubahatisha. Na kingine kimekwisha kuuzwa sokoni. Hatari imejificha hapo hapo ambapo rangi haionekani. Mkuu wa diko hatosheki kwa kuhesabu vyombo vilivyorudi; huuliza ni chombo gani hakijaonekana.

Somo hili si geni katika visiwa hivi. Mwaka 2008 Zanzibar ilianzisha mpango wa kugundua mapema mripuko wa malaria, ambapo vituo vya afya vilipeleka taarifa kila wiki kwa simu ya mkononi. Vilitaja waliofika kutibiwa, waliopimwa, na waliokutwa na vimelea. Kwa hiyo kituo kisicho na mgonjwa wa malaria nacho kilipaswa kusema: sifuri ni taarifa, kimya si taarifa. Mwaka 2012 ukafuata mfumo wa Coconut Surveillance, ambapo maafisa wa wilaya walimfuata mgonjwa hadi nyumbani kwake wakiwa na chombo cha kielektroniki mkononi. Chombo cha namna hiyo kikipotea bila ya kufumbwa taarifa zake, kinachopotea ni siri ya ugonjwa wa mtu na njia ya kufikia mlango wake.

Basi wajibu ni wa pande zote. Kila idara na kila skuli iwe na daftari kamili la vyombo, na kila chombo kiwe na jina la mwenye dhamana. Hesabu ya usalama igawanywe kwa vyombo vyote vya daftarini, si kwa vilivyojibu tu. Chombo kisichosikika kwa muda uliowekwa kiandikwe juu kabisa ya ubao, na kitafutwe. Mwalimu wa kisiwani asilaumiwe kwa ubovu wa mtandao. Apangiwe siku ya kufika Chake Chake au Wete kuunganisha chombo chake, na gharama ya safari isiwe juu yake. Zaidi ya yote, mtumishi aliyepotelewa na chombo apokewe kwa utaratibu anapotoa taarifa siku ile ile, maana mahali ambapo mkweli hukaripiwa, wote hujifunza kunyamaza.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ubao wa taarifa ni chombo cha kuulizia, si pambo la kujipongezea. Kiongozi autazame kila wiki, na swali lake la kwanza liwe: nani hajasema?