Mwalimu wa Uchumi Aliyekaa Bungeni Miaka 50
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa visiwani wakaao Gorong'a, Tarime)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya marehemu Mwai Kibaki wa Kenya, nasi tumeridhia kwa moyo mkunjufu. Sisi wenye maduka huku Gorong'a twakaa karibu na mpaka, na Wakurya wanunuao kwetu wana jamaa zao ng'ambo ya pili ya Sirari; khabari za Kenya kwetu si khabari za mbali. Tena mtu huyu alikaa miaka kumi na moja katika upinzani, na sisi ni watu wa upinzani. Yatupasa tumjue kwa mema yake na kwa yale mengine.

Alizaliwa mwaka 1931 kijijini Gatuyaini, upande wa Othaya. Akasoma Makerere, akafaulu kwa daraja ya kwanza, akenda London kusoma elimu ya fedha za serikali, kisha akarejea Makerere mwaka 1958 kusomesha uchumi. Wakati ule Waafrika waliokuwa wakisomesha elimu hiyo katika vyuo vikubwa walikuwa wakihesabika kwa vidole. Alikuwa na kazi ya heshima na ya salama. Walakini mwaka 1960 akaiacha, akenda Nairobi kuwa mtendaji wa chama cha KANU, chama kilichokuwa hata mwaka hakijatimiza. Wasomi wetu wengi hungoja chama kishike serikali kwanza, ndipo wakikumbuke kadi.

Mwaka 1963 alichaguliwa mbunge wa Donholm, Nairobi, na tangu siku hiyo hakutoka Bungeni mpaka mwaka 2013. Chaguzi kumi, na zote alipita. Msidhani zote zilikuwa nyepesi. Mwaka 1969 bibi mmoja, Jael Mbogo, alimtoa jasho hasa katika jimbo la Bahati. Kibaki akapita kwa kura chache mno, na wapo waliosema kuwa aliyeshinda ni yule bibi. Mwaka 1974 akahamia kwao Othaya, na huko hakutikiswa tena.

Uwaziri wake tutaupitia upesi. Alishika Biashara na Viwanda mwaka 1966, akawa Waziri wa Fedha tangu 1969 hata 1982, na Makamu wa Rais tangu 1978. Mwaka 1982 Bunge lilipoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, yeye alikuwa Makamu wa Rais na hakupinga. Mwaka 1988 akateremshwa, akapewa Wizara ya Afya, akaipokea na kunyamaza. Hata mwaka 1991, wenziwe walipokuwa wakipigwa na kufungwa kwa kudai vyama vingi, yeye aliwacheka kwamba kuing'oa KANU ni sawa na kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule sheria ikafutwa, naye akatoka serikalini akaunda chama chake, Democratic Party. Basi mlango ulifunguliwa na wengine, yeye akaingia. Twasema hivi bila ya kinyongo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1992 Rais Moi alipata kura kama 36 katika kila 100. Zile nyingine, ambazo ndizo nyingi, Matiba, Kibaki na Oginga Odinga waligawana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akiona yeye ndiye apaswaye. Mwaka 1997 wakagawana tena, Kibaki akawa wa pili.

Hapa sasa, ndugu zetu, tunaomba masikio yenu. Baada ya uchaguzi ule wa 1997 Kibaki hakuwaita watu barabarani. Alikwenda mahakamani kushitaki matokeo. Majaji wakasema nini? Wakasema hati ya mashitaka ilipasa kutiwa mkononi mwa Rais mwenyewe, na kuitangaza katika gazeti la serikali hakutoshi. Nani awezaye kumfikia Rais, naye amezungukwa na askari usiku na mchana, ili amtie karatasi mkononi? Mwaka 1999 Mahakama ya Rufaa ikaukaza uamuzi huo, na kesi ikafa pasi na kura moja kutazamwa. Alidhulumiwa, na dhulma ile aliijua kwa jina lake.

Akastahamili. Alikaa Bungeni akiwa kiongozi wa upinzani, akiichambua bajeti kama alivyokuwa akiwachambulia wanafunzi wake. Mwaka 2002 wapinzani wakapata akili: Raila Odinga alisimama Uhuru Park akasema maneno mawili, Kibaki tosha, na umoja wa NARC ukashinda kwa kura 62 katika kila 100. Januari 2003 ada ya skuli za msingi ikafutwa, na watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nje wakaingia darasani. Mzee Kimani Maruge naye, aliyekuwa na miaka 84, akaanza darasa la kwanza mwaka 2004. Uchumi uliokuwa umelala ukainuka. Hayo ni yake, na hapana wa kumnyang'anya.

Kisha ikaja Desemba 2007. Matokeo yalitangazwa tarehe 30 huku yakibishaniwa, na jioni ile ile Kibaki akaapishwa. Wapinzani walipolia, upande wake ukawajibu: nendeni mahakamani. Mahakama ile ile! Sisi wauza duka twajua mizani. Na chuoni tulifundishwa mapema khabari ya mtu mwenye vipimo viwili, kimoja cha kupokelea na kimoja cha kutolea. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na malaki wakakimbia makwao, hata Kofi Annan akaja kupatanisha. Tarehe 28 Februari 2008 wakatia saini, Rais Kikwete akishuhudia, na serikali ikagawanywa baina yao.

Wakenya waliipigia kura katiba mpya tarehe 4 Agosti 2010. Siku nne nyuma, tarehe 31 Julai, Unguja na Pemba tulikuwa nasi tukipiga kura yetu juu ya serikali ya umoja; mtakumbuka foleni zile. Katiba ya Kenya iliunda Mahakama ya Juu na kuipa siku 14 kuikata kesi ya urais, na mwaka 2017 mahakama hiyo ikaufuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani. Kibaki ndiye aliyeitia saini katiba ile, tarehe 27 Agosti 2010.

Muda wake ulipokwisha alikabidhi madaraka tarehe 9 Aprili 2013, wala hakutafuta siku moja ya ziada. Alifariki tarehe 21 Aprili 2022, akazikwa kwao Othaya.

Katibu atuashiria kuwa yapo maswali. Tu tayari kuyajibu, illa yale ya bei ya sukari, hayo tutayajibu dukani.