SARATANI NA NAULI YA MGONJWA

*Maneno ya Kamati ya Tawi yaliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama, Mombo. Yanatumwa kwa ambao hawakufika. Mabalozi wayasambaze kwenye magrupu ya mashina.*



Ajenda ya leo ilikuwa kadi na ada, lakini Kamati imeona tusitawanyike kabla ya kusema jambo ambalo kila shina linalijua na hakuna anayelileta kikaoni. Saratani imezidi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka Tanzania kwenye wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka mmoja, na vifo karibu 27,000. Sehemu ya ongezeko ni kwamba tumekuwa wengi, tunaishi zaidi, na vipimo vimesogea. Hilo tusilikatae. Lakini vifo hivyo ni vingi mno kwa idadi hiyo ya wagonjwa, na sababu kubwa ni kwamba wengi wanafika hospitali ugonjwa umeshasambaa.

Kwa akina mama inayoongoza ni saratani ya mlango wa kizazi, karibu 10,000 kila mwaka. Wazee mtuwie radhi, tunaitaja waziwazi mbele ya wote. Inaletwa na kirusi cha HPV kinachopita kwa kujamiiana, na mwanamke mwenye mume mmoja maisha yake yote anaweza kukipata. Kwa hiyo yale maneno ya pembeni kuhusu tabia ya mgonjwa yakome. Kurogwa pia hakumo.

Kirusi kikikaa, kwa kawaida huchukua miaka 10 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye VVU ambaye hajatibiwa inaweza kuwa mitano hadi kumi. Muda wote huo mama hasikii maumivu. Muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kidogo, akiona weupe anajua kuna mabadiliko. Mara nyingi yanatibiwa siku hiyohiyo kwa kugandisha au kwa joto, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake. Walengwa wakuu ni wa miaka 30 hadi 50, na wenye VVU wanaanza mapema. Kwenye vituo vya Serikali kipimo hiki hakina malipo.

Sasa mbona hatuendi? Mama anayeuza matunda stendi anahesabu mabasi. Akiacha beseni asubuhi moja, jioni hakuna unga. Tunalielewa hilo. Ndiyo maana tunasema na akina baba: shika beseni wewe siku hiyo, au toa ya unga. Na anayemkataza mkewe kupimwa kwa wivu, huyo tutamfuata nyumbani tuzungumze.

Gharama ya kuchelewa ni hii. Tiba ya mionzi kule Taasisi ya Saratani Ocean Road si ya siku moja. Kwa saratani hii ni siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi au zaidi. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300. Asiye na ndugu mjini anakula nini, analala wapi, na watoto anamwachia nani? Wapo waliokwenda mara moja, wakarudi kutafuta pesa, na hawakwenda tena.

Hapa tutasema ukweli utakaouma. Msiba ukitokea, daftari la rambirambi linajaa kabla ya jua kuzama. Mgonjwa yuleyule alipoomba nauli mwezi uliotangulia, tulimwambia tutaona. Kamati inapendekeza kuanzia sasa nusu ya mfuko wetu wa rambirambi iwe ya nauli na chakula cha mgonjwa mwenye barua ya rufaa. Najua, tumeshasikia minong'ono kwamba mfuko ni wa wanachama. Mgonjwa haulizwi kadi. Mtakaopinga njooni na hoja kikao kijacho, tutapiga kura.

La watoto. Chanjo ya HPV ilizinduliwa nchini Aprili 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Dozi moja haikuja kwa sababu chanjo imepungua. Ilipimwa, na moja ya tafiti hizo ilifanyika hapa nchini, Mwanza, kwa wasichana 930. Ile sauti inayozunguka kwenye simu kwamba inafunga kizazi, iulizeni swali moja: waliochanjwa 2018 wakiwa na miaka 14 leo wamevuka 20, na kati yao wapo wanaonyonyesha. Msiisambaze tena humu. Aliyeiweka aifute.

Akina baba nanyi, kukojoa kwa shida usiku kucha si uzee tu, nendeni mkapimwe tezi dume. Na uvimbe kwenye titi, hata usiouma, usisubiri mavuno.

Kila balozi aorodheshe wasichana wa umri huo ambao hawako shule, maana timu za chanjo huwakosa hao. Siku za kupima akina mama ulizieni Kituo cha Afya, au Hospitali ya Magunga, Korogwe. Majina ya wagonjwa yasiandikwe kwenye grupu. Mleteeni Katibu mkononi.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi, Mombo*