Mwenye Nyumba Naye ni Mwajiri
Mazungumzo na wakazi kuhusu mabadiliko ya sheria za ajira nchini Kenya



Tumewaalika tuzungumzie jambo ambalo wengi hudhani haliwahusu. Likitajwa neno mwajiri, fikira huenda viwandani, hotelini na katika mashamba makubwa ya chai. Lakini kila aliyemwajiri yaya, mpishi au mtunza bustani nyumbani kwake ni mwajiri mbele ya sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimsamehe kwa sababu ana mfanyakazi mmoja tu, na mabadiliko ya miaka ya karibuni yamebisha hodi mlangoni pake kama yalivyobisha kwenye milango ya kampuni.

La kwanza ni mshahara. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, kima cha chini kilipanda kwa asilimia 6. Kwa kiwango hicho, mfanyakazi wa nyumbani katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru hulipwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi au zaidi. Maeneo mengine yana viwango vya chini kuliko hapo, na afisa wa kazi aliye karibu nanyi atawaonyesha. Kiasi hicho hakijumuishi makao. Mfanyakazi anayelala kwa mwajiri amekwisha kupewa makao. Anayerudi kwake jioni anastahili kuongezewa marupurupu ya nyumba.

La pili ni makato, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Makato ya sasa ni matatu. Bima ya Afya ya Jamii, iliyoanza kutozwa Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mshahara, na hutoka kwa mfanyakazi peke yake. Ushuru wa nyumba za gharama nafuu, chini ya sheria ya mwaka 2024, ni asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri. Mchango wa Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, ni asilimia 6 kwa kila upande.

Tufanye hesabu pamoja. Kwa mshahara wa shilingi 16,113.75, mfanyakazi hukatwa takriban shilingi 443 za afya, 242 za nyumba na 967 za uzeeni. Jumla ni 1,652, naye hubakiwa na shilingi 14,462 mkononi. Kodi ya mapato hatozwi, kwa kuwa mshahara wake haufiki shilingi 24,000. Mwajiri naye hutoa mfukoni mwake 242 za nyumba na 967 za uzeeni, yaani shilingi 1,209. Kwa hiyo gharama yake halisi ni shilingi 17,322 kwa mwezi. Ni vyema kuijua hesabu hii kabla ya kuajiri, wala si baada ya kudaiwa.

Tumeona makosa mawili yakirudiwa. La kwanza ni kumtwika mfanyakazi sehemu ya mwajiri. Hilo sheria hailiruhusu, hata kama mfanyakazi amekubali kwa mdomo. La pili ni zito zaidi: kukata fedha bila kuzipeleka zinakostahili. Mfikirie yaya anayefika hospitalini usiku akiwa amembeba mwanawe mwenye homa, kisha anaambiwa michango yake haionekani, ilhali kila mwezi amekuwa akikatwa. Fedha hizo ni zake. Mwajiri alikabidhiwa tu azifikishe. Mkizoea kuwasilisha malipo yote kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, hamtachelewa hata moja.

La tatu si geni, lakini mabadiliko haya yamelipa uzito mpya: maandishi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ajira ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Kama mfanyakazi hajui kusoma, asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Mkataba utaje kazi, saa, mshahara kabla ya makato, siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Mzozo ukizuka na mkataba haupo, mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha yale anayodai waliafikiana.

Maandishi hayohayo huwafaa pande zote mbili siku ya kuagana. Anayelipwa kwa mwezi hupewa ilani ya siku 28 kwa maandishi. Akituhumiwa kwa utovu wa nidhamu au uzembe, ana haki ya kuelezwa kosa lake na kusikilizwa kabla ya uamuzi, akiwa na mfanyakazi mwenzake kama shahidi. Sahani iliyoponyoka mkononi haikatwi kwenye mshahara. Sheria huruhusu fidia ya kiasi cha haki pale tu hasara ilipotokana na kosa la makusudi. Mwajiri anayemfukuza mtu kwa hasira usiku mmoja anaweza kuamriwa na mahakama kumlipa fidia inayofikia mishahara ya miezi 12. Kwa kima tulichotaja, hiyo ni shilingi 193,365.

Mkirudi nyumbani, tunawashauri mfanye mambo manne juma hili. Andikeni mkataba, nakala mbili, kila upande uweke sahihi. Hakikisheni kwamba mwajiri na mfanyakazi wote wamesajiliwa katika bima ya afya na NSSF. Kila mwezi, mpeni mfanyakazi karatasi inayoonyesha mshahara na kila kato. Tena, hifadhini stakabadhi za malipo yote.

Mtu tunayemwachia watoto na funguo za nyumba zetu tumekwisha kumwamini kwa mambo makubwa. Tumtendee haki katika hili la hesabu, naye aweze kulithibitisha kwa karatasi iliyo mkononi mwake.