Mpatanishi na Swali la Nani Amevuka Mpaka

Wazee wetu wa Nyakach, walimu, akina mama mliofunga vibanda mapema ili mfike, na nyinyi wanafunzi:

Suala la mpaka si geni kwenu. Barabara inayopita hapa Katito huendelea hadi Sondu, na Oktoba 2023 damu ilimwagika Sondu baina ya majirani wanaouziana mahindi na samaki. Baada ya mapigano ya namna ile wazee huketi, husali, hushikana mikono. Mara nyingi anakosekana mtu wa kusema waziwazi nani ameanza na nani ameunguza. Nataka kulivusha swali hilo ziwani, nilipeleke kwenye vita baina ya nchi na nchi, kwa kuwa naamini ndilo limewashinda wapatanishi wa kanda yetu tangu 1978.

Kisumu yenyewe iliwahi kudaiwa. Hadi 1902 upande huu wa ziwa ulikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki la Uganda, na Februari 1976 Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kwamba ardhi yote hii hadi karibu na Nairobi ni ya Uganda kihistoria. Watu waliandamana. Lakini Kenya ilikuwa na nguvu ambayo hotuba haina: mafuta na shehena za Uganda zilipitia Mombasa. Agosti mwaka huohuo pande mbili zilipatana Nairobi, wala haikufika vita.

Tanzania haikuwa na bahati hiyo. Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin, walivuka kutoka Tanzania kuingia Uganda, wakapigwa. Amin akajibu kwa kutuma ndege kushambulia Bukoba na Mwanza. Siad Barre wa Somalia ndiye aliyeingilia, na tarehe 5 Oktoba 1972 mkataba ukatiwa saini Mogadishu: majeshi yarudi nyuma kilomita 10 kutoka mpakani, redio ziache matusi, wala nchi yoyote isiwape nafasi wanaotaka kumwangusha mwenzake. Mkataba ule haukumtaja mkosaji, na katika hali ile sioni kasoro, maana pande zote mbili zilikuwa na lawama. Isitoshe, kilomita 10 ni kitu cha kupimwa. Mwangalizi anaweza kwenda, akahesabu, akarudi na jibu. Ulisimama miaka sita, na kwa Afrika Mashariki ya wakati ule hiyo si haba.

Kisha ikaja Oktoba 1978. Jeshi la Amin liliteka eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera, likaua raia, likaswaga ng'ombe, likavunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kuwa eneo hilo sasa ni sehemu ya Uganda. Hapa hapakuwa na fumbo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulikuwa umeazimia wenyewe Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe. Kiongozi mmoja alikuwa ameivunja ahadi hiyo mchana kweupe. Rais Julius Nyerere wa Tanzania aliutaka umoja huo ulaani uvamizi, Amin akane madai yake, na Tanzania ilipwe fidia. Umoja ukakataa kulaani. Ukazitaka pande zote mbili zisitishe mapigano, kana kwamba mwenye nyumba na aliyevunja mlango wanagombania mlango.

Wenzangu wengi wanaosoma diplomasia hutetea ukimya ule. Husema mpatanishi akishamtaja mkosaji, mlango wa mkosaji unafungwa. Hoja hiyo ina uzito, na mazungumzo mengi yamevunjika kwa maneno ya haraka. Ila tazameni ukimya ulizaa nini. Nyerere hakuona mpatanishi wa kumwamini, kwa hiyo aliliachia jeshi kazi hiyo. Muammar Gaddafi wa Libya naye alimpelekea Amin askari. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi kuunda serikali itakayofuata, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Vita ambayo ingekoma kwenye mto Kagera ilifika hadi mpaka wa Sudan. Julai, kwenye mkutano wa OAU Monrovia, ndipo Gaafar Nimeiry wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria walipopata sauti ya kulaumu uvamizi. Waliilaumu Tanzania.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu tumeyarudia. Aprili 2022 viongozi wa kanda walianzisha mazungumzo ya Nairobi kuhusu mashariki ya Kongo, ambayo baadaye Uhuru Kenyatta alikuwa msuluhishi wake. João Lourenço wa Angola akaendesha ya kwake Luanda. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kiliingia Novemba 2022, kikaondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukinyima muda zaidi. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 wakautwaa mji wa Goma. Tarehe 8 Februari marais wa Jumuiya na wa kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam, wakadai mapigano yakome na majeshi ya kigeni yasiyoalikwa yaondoke. Ya nani? Tamko lao halikusema. Siku 13 baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2773, liliitaka Rwanda kwa jina iache kuwaunga mkono M23 na iondoe jeshi lake Kongo. Mwezi Juni mawaziri wa Rwanda na Kongo walitia saini mkataba wa amani Washington. Jirani aliogopa kutamka, wa mbali akatamka, na meza ikahamia kwake.

Wala si kweli kwamba Jumuiya haina meno. Rwanda na Kongo zote ni wanachama. Mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999 unaruhusu mwanachama asimamishwe, kwa ibara ya 146, au afukuzwe, kwa ibara ya 147. Mwenye shaka atauliza: si maamuzi ya wakuu wa nchi hupitishwa kwa kauli moja, na mtuhumiwa yumo? Ibara ya 148 imelijibu hilo: katika uamuzi wa namna hiyo, kauli ya nchi inayojadiliwa haihesabiwi. Hadi leo hakuna nchi iliyowahi kusimamishwa.